Kitambaa cha Kijani

Nyalenda, Kisumu
31 Machi 2025

Kwa Daktari Metrine Nasipwondi,
Kituo cha Afya cha Kamwanda

Daktari,

Mimi ni Seline Adongo, mke wa Sydney Ondiek. Nimeandika mke kwa sababu mkono bado haujazoea neno lile lingine. Sydney ndiye yule mwanamume aliyeletwa kwenu asubuhi ya Jumatano tarehe 12, siku trela la miwa lilipoigonga pikapu kwenye barabara ya Muhoroni. Mlikuwa na majeruhi watano siku hiyo, kwa hiyo labda sura yake imekupotea. Alikuwa mrefu, amevaa sweta ya rangi ya udongo. Pamoja naye alikuwa mama yangu mzazi, ambaye alivunjika paja. Mama alikuwa amekuja kututembelea na Sydney alikuwa anamrudisha kwake Kisumu.

Mama alitoka kwenu kwa ambulensi na leo yuko hai, amelazwa hapa mjini, mguu umening'inizwa. Sydney alitoka kwenu kwa boda, akafia Mamboleo, kabla ya kuingia mjini, tumbo limejaa damu. Tulimzika tarehe 22.

Nimekupigia simu mara nyingi. Mara ya mwisho ulipokea, ukasikia jina, ukakata. Ndiyo maana nakuandikia, na mtu wa boda anayekuletea barua hii nimemwambia asiondoke mpaka uipokee kwa mkono wako.

Nina mambo mawili. La kwanza ni dogo. Ndani ya mfuko wa nguo zake niliopewa mochari kulikuwa na kitambaa cha kijani kimefungwa fundo. Mama anasema yeye alifungwa cha manjano, na kijana mmoja mpakiaji wa miwa alifungwa chekundu. Kijani ni nini?

La pili ndilo lililonileta kwako. Shemeji yangu Ochieng, kaka mkubwa wa Sydney, alikuja kwenu akaonyeshwa fomu. Anasema imeandikwa kwamba Sydney alikataa rufaa. Basi kwao wameshamaliza: mtu mwenye akili zake hakatai ambulensi, ila kama ndani amelala maro, mama wa mke wake, ambaye mila inamkataza kukaa naye karibu. Unajua kwetu mambo ya wakwe yalivyo, na kwenu Bungoma nasikia ni makali zaidi. Kwa hiyo wanasema mama yangu alikalia nafasi ya mtoto wao na mimi ndiye niliyemleta. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuta nyumba yangu ina kufuli ambayo si yangu. Cherehani yangu iko ndani, na ndiyo kazi yangu. Mimi na watoto tuko katika chumba cha mama hapa Nyalenda.

Wazee wa ukoo watakaa tarehe 26 Aprili. Ochieng amesema wazi: daktari akiandika kwamba Sydney hakukataa kwa ajili ya mama, nitafunguliwa nyumba. Asipoandika, nibaki kwa mama huyo huyo.

Naomba uandike ukweli, hata mistari mitatu.

Seline Adongo


Kituo cha Afya cha Kamwanda
7 Aprili 2025

Bi. Seline Adongo,

Pole kwa msiba. Nimeshauriwa nisizungumze jambo hili kwa simu, kwa hiyo nakujibu kwa maandishi. Kwanza nikusahihishe: watu huniita daktari, lakini mimi ni afisa wa kliniki.

Kuhusu kitambaa. Majeruhi wanapofika wengi kwa wakati mmoja na sisi ni wawili, tunawapanga kwa uzito wa hali, si kwa aliyetangulia kufika wala anayelia zaidi. Kadi zetu za rangi ziliisha mwaka jana, tukachana mashuka. Mgonjwa wa chekundu ni wa kuondoka sasa hivi. Wa manjano ni wa kuondoka leo, ila anaweza kungoja kidogo. Wa kijani ni yule anayetembea na kuongea. Mumeo aliingia kwa miguu yake, akanisalimia, akawa anauliza hali za wenzake.

Kuhusu fomu, maneno yaliyoandikwa ni haya: "Mgonjwa alichunguzwa mwili mzima. Tumbo laini, halina maumivu. Alishauriwa kwenda na ambulensi, akakataa." Siwezi kuandika jambo lililo tofauti na kumbukumbu za kituo. Sababu ya kukataa haikuandikwa, na si kazi yetu kumhoji mtu mzima. Unaweza kuwaeleza wazee hivyo.

Ambulensi yetu ni moja na inalaza wawili. Ilienda na yule mpakiaji pamoja na mama yako.

Pole tena.

M. Nasipwondi
Afisa wa Kliniki


Nyalenda
12 Aprili 2025

Daktari Nasipwondi,

Nitaendelea kukuita daktari. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nakwama pale penye "alichunguzwa mwili mzima".

Mimi ni fundi wa nguo. Asubuhi ile zipu ya suruali ya Sydney ilikatika tukiwa mlangoni, pikapu inapiga honi barabarani, mama ameshakaa mbele na dereva. Suruali ile nyingine ilikuwa kwenye maji. Nikamshonea aliyovaa, amesimama hivyo hivyo, kuanzia kiunoni hadi chini ya zipu, uzi mweusi mara mbili, mshono wa mkono. Alicheka, akasema leo hata akibanwa itabidi apige simu kwangu kuomba ruhusa. Kisha akaenda kukaa nyuma juu ya magunia ya mahindi, kwa sababu mbele alikuwa mkwe wake.

Mtu wa mochari ndiye aliyeukata uzi ule. Aliniambia mwenyewe, akilalamika kwamba uzi ulikuwa mgumu na wembe wake butu. Shati lilikuwa limechomekwa ndani, vifungo vyote vimefungwa, na sweta juu. Nguo ninazo hapa. Sasa nifundishe, daktari, maana mimi nilisomea cherehani tu. Tumbo la mtu mnalipapasa mkipitia wapi?

Nimemuuliza mama. Tangu siku ile hasemi mengi. Ukimtajia Sydney anageukia ukuta. Ila hili alilisema: chumba kilikuwa kimoja, vitanda vinakaribiana, pazia hakuna. Ulipomwambia Sydney avue nguo, alikuomba kwa sauti ya chini umruhusu atoke nje, na wewe ukamjibu, "Nimekuelewa, shemeji." Mama anasema alishukuru moyoni kusikia hivyo.

Kwa hiyo hukumgusa. Umeandika uwongo kwenye karatasi ya serikali, na uwongo huo umenifungia nyumba. Kama la kuchunguzwa si kweli, kwa nini niamini lile la kukataa? Pole yako sitaki. Nataka mistari mitatu, na tarehe 26 iko karibu.

Seline Adongo


Kamwanda
17 Aprili 2025

Mama Winny,

Niruhusu nikuite hivyo. Ndivyo mumeo alivyokutaja nilipomuuliza jina la ndugu wa karibu.

Ni kweli sikumpapasa tumbo. Chuoni tulikaririshwa hatua tano za kumpima majeruhi: njia ya hewa, pumzi, damu, fahamu, na mwisho kumvua nguo na kumtazama mwili mzima, mbele na nyuma. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka. Pazia letu la kukunja lilikuwa chumba cha kujifungulia, kulikuwa na mama katika uchungu. Mama yako alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwa mumeo, gauni tumelikata hadi nyonga ili tumfunge paja. Mumeo alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni tangu alipoingia na hakuugeuza tena.

Mimi ni Mbukusu. Baba yangu hakuwahi kukanyaga jikoni kwa nyanya, mama wa mama yangu, na nyanya alipougua alikuwa akimjulia hali kupitia dirishani, amesimama nje. Kwa hiyo mumeo hakuhitaji kunieleza kitu. Angekuwa daktari wa kutoka mbali, asiyejua mila zetu, angeshika makasi akakata nguo zote. Mumeo angeaibika, na huenda leo mngekuwa nyumbani mkimcheka.

Nilimkalisha kwenye benchi barazani, nikakusudia kumfuata. Mara yule mpakiaji akaanza kutapika na kupoteza fahamu. Nilipotoka tena nje mumeo alikuwa amesimama, anaongea, anasema yuko sawa. Nikamfunga kijani.

Sasa nakuomba jambo. Nimeitwa kujieleza mbele ya kamati ya kaunti. Nina wadogo zangu watatu wanaonitegemea, wazazi hawapo. Ukiulizwa na yeyote, sema unachokijua, kwamba Sydney alikuwa mtu wa kuheshimu wakwe na angeweza kukataa. Huo si uwongo. Na mimi nitakuandikia barua ya wazee, yenye maneno ya upole, kwamba alikataa kwa sababu alijiona mzima na si kwa sababu ya mtu. Itakufaa.

Metrine Nasipwondi


Nyalenda
28 Aprili 2025

Daktari,

Wazee walikaa Jumamosi. Barua yako ya upole ilifika Ijumaa, nami niliisoma mbele yao kwa mdomo wangu. Alikataa kwa sababu alijiona mzima. Ochieng aliniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa utaratibu kabisa, mtu anayejiona mzima anapanda boda kukimbilia wapi. Alikuwa amemleta yule mwendesha boda aliyembeba Sydney. Akasimama akasema njia nzima Sydney alikuwa anamwambia aongeze mwendo, na kwamba alikuwa analalamikia bega la kushoto, bega ambalo halikuwa na hata mkwaruzo. Walipofika Mamboleo aliacha kulalamika. Boda akafikiri amepata nafuu.

Nikaikunja barua yako. Mzee mmoja akasema hata daktari anamfichia mama yangu. Nimepewa mpaka tarehe 17 Mei. Baada ya hapo nyumba itapewa mtu mwingine wa ukoo.

Huku Winny anashinda kwenye foleni ya maji na kindoo chake badala ya kuwa shule. Mdogo wake bado anaamka akimtafuta baba yake. Mama naye amepelekewa maneno wodini, sijui na nani, kwamba anaitwa mtu aliyemla mkwe wake. Tangu juzi hajala. Anasema mdomo ni mchungu.

Uliniomba niseme angeweza kukataa. Metrine, nimeishi na mwanamume huyo miaka tisa. Alikuwa mwoga wa sindano, mwoga wa nyoka, na kifo alikiogopa kuliko vyote hivyo. Mila alizishika, ndiyo, lakini hakuwa mjinga. Kila aliposhindwa kukaa na mama mahali pamoja alikuwa anatafuta njia ya pembeni: atakula barazani, atakaa nyuma kwenye magunia, atapitia mlango wa jikoni. Asingekaa tu akaiacha gari ya kumponya iondoke. Hata kwenye paa angepanda.

Kuna jambo alilifanya na wewe ulikuwepo. Niambie ni nini.

Seline


Kamwanda
6 Mei 2025

Seline,

Hilo la bega sikujua kama limewafikia.

Mtu akigongwa ubavuni, halafu bega la kushoto likamuuma bila kuwa na jeraha, maana yake wengu umepasuka na damu inajaa tumboni. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani wangu wa mwisho na nikapata alama zote. Mumeo aliniambia bega linamuuma. Shantel, nesi wetu, alimhesabia mapigo ya moyo akakuta 118 kwa dakika, akanionyesha alivyoandika kwenye kiganja. Nikamwambia ni aibu tu, mtu ametoka kukaa chumba kimoja na mkwe wake aliye nusu uchi. Kitambaa cha kijani kilikuwa tayari mkononi mwa mumeo, na mimi sikutaka kukibadilisha mbele ya watu.

Umeuliza alifanya nini. Hakukataa. Ambulensi ilipowashwa alimfuata Waswa, dereva wetu, akamwambia, "Bwana, huko nyuma siwezi lala, maro yangu yuko. Lakini hapo mbele na wewe naweza kaa."

Ilikuwa njia nzuri. Haikuvunja mila ya mtu yeyote na ingemfikisha. Lakini kiti cha mbele kilikuwa kimekaliwa na afisa aliyekuja asubuhi kukagua rejista zetu, ambaye alikuwa ameomba lifti hadi Kisumu. Waswa aliniangalia. Mimi nikajifanya natafuta kalamu. Ripoti juu yangu ilikuwa ndani ya mkoba wa yule mkubwa, na sikuthubutu kumshusha kwa ajili ya mgonjwa wa kijani. Yeye mwenyewe alisikia yote na hakugeuza shingo.

Waswa akaamua kufungua mlango wa nyuma. Akamwambia mumeo kuna kibao kidogo pale miguuni mwa mpakiaji, ajibane hapo na aangalie nje. Hapo ndipo mama yako aliposema. Naandika kama nilivyosikia: "Huyo akiingia, mimi nishusheni." Shuka letu lilikuwa fupi na mguu ulikuwa wazi wote. Sydney alisikia. Aliufunga ule mlango polepole, akamwambia Waswa waende tu, yeye atawafuata. Akavuka barabara kwenda kwa watu wa boda akiwa ameshika ubavu.

Neno "alikataa" niliandika saa tisa alasiri, baada ya kupigiwa simu kwamba amekufa. Na lile la tumbo laini niliandika saa hiyo hiyo. Nilijiambia kwamba hivyo ninamstahi mama yako, kuliko kuandika alichosema. Ni uwongo mwingine huo. Nilikuwa najistahi mimi.

Nimeambatisha maelezo yangu, kurasa mbili, yana sahihi na muhuri. Yote niliyokuandikia hapa yamo, na hilo la mama yako limo. Nimechoka kubeba mambo haya.

Metrine


Nyalenda
9 Mei 2025

Metrine,

Nimeyasoma. Nimekaa nayo siku mbili chini ya godoro bila kumwambia mtu.

Naomba uyaandike upya. Bega libaki, yale mapigo ya moyo yabaki, kiti cha mbele kibaki na huyo mkubwa wako asiyegeuza shingo. Weka hata uzi wangu ukitaka. Ondoa sentensi moja tu, ile ya mama.

Najua ninachokuomba. Ni kile kile nilichokutukania mwezi uliopita, na naona aibu kukiandika. Lakini wakisoma kwamba Sydney aliomba kiti akanyimwa kwa ajili ya mtu wa serikali, Ochieng atakuja mwenyewe na ufunguo. Wakiisoma ile sentensi hawatasoma nyingine yoyote. Watasema tulijua tangu mwanzo. Watoto wangu watakuwa wajukuu wa mwanamke aliyemfungia baba yao mlango.

Nami nakwambia mama yangu hakumfungia mlango. Alikuwa na paja limevunjika na mguu uko nje, mkwe wake amesimama mbele yake mchana kweupe, na watu wanamtazama. Angesema nini kingine? Tangu niolewe sijamwona akila mbele ya Sydney hata ndizi. Wewe ulimwelewa Sydney mara moja, hukuhitaji kuelezwa. Mwelewe na yeye.

Tarehe 17 nitasimama mbele ya watu wale. Mtu wa boda anangoja jibu hapo hapo.

Seline


Kamwanda
14 Mei 2025

Seline,

Mtu wako wa boda hakunikuta. Nilikuwa kwa kamati, na barua yako niliipata jana jioni.

Maelezo yale nilikuwa nimeyapeleka kwenye kamati tarehe 7. Na tarehe 8 shemeji yako Ochieng alikuja kituoni kutaka nakala ya fomu. Nikampa maelezo. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu, bila kuombwa, na nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nilidhani nakutangulizia kazi. Alisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili alitafuta kiti akakaa. Aliniuliza kama nina hakika na maneno ya mama yako. Nikamwambia nina hakika.

Ningeweza kumwambia injini ilikuwa inanguruma, sikusikia vizuri. Hata sasa naweza kumpigia nikamwambia hivyo. Nimeishika simu tangu jana. Lakini Waswa alisikia, Shantel alisikia, na mimi niliapa mbele ya kamati kwamba hakuna nilichoongeza wala kupunguza. Nikibadilisha hili hawataamini na yale mengine, na Sydney atarudi kuwa mtu aliyekataa.

Nimesimamishwa kazi. Nilipomtaja yule afisa wa rejista waliniambia mambo ya usafiri hayahusiani na matibabu, jina lake halikuandikwa. Nadhani ni haki yako kulijua hilo.

Nisamehe kama unaweza. Sikujua.

Metrine


Nyalenda
25 Mei 2025

Metrine,

Nakuandikia mara ya mwisho, kwa sababu nimetumwa.

Kikao kilikuwa kifupi. Ochieng aliyasoma maelezo yako mbele ya watu wote. Ukurasa wa kwanza aliusoma haraka. Ya kiti cha mbele aliyasoma, na mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema serikali ni serikali. Alipofika kwa mama alisoma polepole, akarudia. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza kitu. Nilijaribu kueleza habari ya shuka fupi. Mwanamke mmoja wa pale, ambaye hata kwenye msiba alinishika mkono, aliniambia ninyamaze, ninajiongezea aibu.

Ochieng hakunitukana. Heri angenitukana. Alilia, Metrine, mtu mzima, akasema ndugu yake aliomba apelekwe na akazuiwa na mkwe. Akasema alikuwa tayari kunifungulia nyumba siku ile alipokuja kwenu, kabla ya kufika ukurasa wa pili. Cherehani yangu nilikuta wameshaitoa nje, iko langoni, imefunikwa gunia. Imepigwa na mvua siku mbili. Nimeibeba kwa mkokoteni hadi barabarani. Gurudumu lake limeshika kutu lakini linazunguka.

Umesema nikusamehe. Ulinidanganya nilipohitaji ukweli, na ukasema ukweli nilipohitaji unyamaze, na mara zote mbili ulikuwa unajiponya wewe. Ungeandika kurasa zile mbili tarehe 7 Aprili, kabla mtu wa boda aliyembeba Sydney hajatafutwa na maneno hayajazunguka, pengine wangenisikiliza. Ungemwambia yule mkubwa ashuke, hakuna barua yoyote kati ya hizi ambayo ingeandikwa. Hilo la pili ndilo linaloniamsha. Sina chuki ya kutosha ya kuwagawia nyote, wewe, yeye, wazee, mama. Najikuta nimemchukia hata Sydney, kwa kuufunga ule mlango polepole. Angeubamiza. Angepiga kelele kwamba anakufa.

Mama ameanza kula. Mwezi ujao watamtoa hospitalini na atakuja kulala hapa pamoja nasi, watu wanne kitanda kimoja. Kusoma hajui. Tangu aliposikia kwamba kuna maelezo ya daktari hakuwahi kuniuliza yamesema nini, mpaka jana. Nilikuwa namwosha pale wodini, nimefika kwenye ule mguu, akaniuliza bila kunitazama kama daktari ameandika kitu juu yake.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia umeandika ya kiti cha mbele na ya afisa, na yeye hukumtaja popote.

Alilia mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akanishika mkono wenye sabuni, akakuombea kwa Mungu kwa jina lako, akuzidishie kwa kumfichia aibu yake. Amesema lazima nikufikishie salamu hizo, nisichelewe.

Nimekufikishia.

Seline Adongo